Nalisha Watu, Nami Lazima Nile

Mimi ni mama lishe, Tanga mjini. Vidonge viliponishinda na sukari ikakataa kushuka, daktari akanianzishia insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70. Nililia. Mtaani kwetu wakisikia fulani kaanza sindano, ni kama wameshaambiwa wachange sanda.

Nesi wa kliniki hakunibembeleza. Akanionyesha kichupa: dawa imejitenga, juu maji, chini unga mweupe. Akakiviringisha taratibu baina ya viganja mara kumi, akakipindua juu chini mara kumi, bila kukitikisa kwa nguvu, mpaka dawa ikawa nyeupe sawasawa kama tui. "Mama, humu mna dawa mbili," akasema. Asilimia 30 ni ya haraka, inakiwahi chakula unachokwenda kula. Asilimia 70 inakwenda polepole, ile ya asubuhi inapamba moto mchana. Usipoichanganya vizuri, leo utavuta zaidi ya hii, kesho zaidi ya ile, sukari ikuyumbishe usijue sababu. Ikibaki na mabonge, au chembe zimegandia kwenye kioo, haifai tena.

Kuchoma nilizoea upesi: tumboni, nusu saa kabla ya chai ya asubuhi na kabla ya chakula cha usiku, nikihamahama ili ngozi isifanye uvimbe. Balaa langu lilikuwa mchana. Saa sita mpaka saa nane ndipo banda linapojaa, na dawa niliyochoma alfajiri haijui kama nina wateja. Siku moja, katikati ya kupakua, mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanivuja, maneno yakanipotea, nikammwagia mteja mchuzi mapajani. Wapo waliosema nimepandisha mashetani. Binti ninayefanya naye kazi alikuwa ameshafundwa. Akanitoboa kidole, kipimo kikasoma 2.9, akanikorogea vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nikanywa. Baada ya dakika 15 akapima tena, ikawa imevuka 4, akanisogezea wali.

Tangu hapo sahani yangu ndiyo inayopakuliwa kwanza. Wateja wengine hununa; na wanune. Insulini hii ukishaichoma umejifunga kula, asubuhi, mchana na usiku. Huwezi kupunguza ile ya haraka ukaiacha ya polepole, maana zimo chupa moja.

Friji sina. Vichupa vipya ananiwekea jirani, mbali na barafu, kwa sababu insulini iliyoganda ni ya kutupa. Kile nilichokwisha kufungua hukaa ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye mtungi mdogo uliozamishwa katika mkubwa, katikati yake mchanga ninaoutia maji asubuhi na jioni. Wiki nne zikipita nafungua kingine. Walionitisha kwamba dawa nje ya friji ni sumu niliwaambia habari za Dadaab, Kenya. Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la nyumba za wakimbizi huko, na utafiti waliofanya na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotoka mwaka 2021, ukaonyesha kuwa insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto la nyuzi 25 mpaka 37 haikupoteza nguvu.

Lililoniuma kuliko sindano ni Ramadhani. Kwa hali yangu daktari alinikataza kufunga, na shehe wetu akamuunga mkono. Sasa kwa kila siku ya mwezi namlisha maskini mmoja, kazi niijuayo, Alhamdulillahi.

Wewe unayeishi na mtu wa sindano hizi, zijue dalili za sukari kushuka mno: jasho, mtetemeko, hasira za ghafla, kuzungumza ovyo. Akiwa anaweza kumeza, mpe sukari hapo hapo, maswali baadaye. Akizirai usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.