Nakuru: Mlango Usiokuwapo

Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni mwendo wa kilomita 160 hivi. Matatu huteremka ukingo wa Bonde la Ufa, Mlima Longonot ukiwa mkono wa kushoto, ikapita Naivasha yenye mashamba ya maua, kisha Gilgil na Ziwa Elementaita.

Siku hiyo, redio ilitangaza habari ya kichanga aliyeokotwa kichakani akiwa hai. Abiria wakaanza kumlaani mama yake. Ajuza mmoja aliyepakata kikapu ndiye pekee aliyeuliza, "Jameni, na angempeleka wapi?"

Gari zima likanyamaza.

Niliingia Nakuru na swali hilo. Mji huu uliokuzwa na reli, ukawa jiji Desemba 2021, huwavuta wasichana wengi wanaotafuta kazi na masomo, mbali na mama na shangazi zao. Katika Hospitali ya Nakuru Level 5 lipo jengo la akina mama na watoto lililopewa jina la Margaret Kenyatta. Mlango wa kujifungulia upo. Mlango wa kumkabidhi mtoto bila kuulizwa jina haupo.

Sheria ya Kenya humhesabu mzazi anayemtelekeza mtoto kuwa mhalifu. Njia halali ni kumtoa mtoto aasiliwe, lakini utaratibu huo hauanzi kabla mtoto hajatimiza wiki 6. Msichana aliyejifungua peke yake katika chumba cha kupanga hana wiki 6. Ana usiku mmoja.

Huko Marekani, jimbo la Texas lilipitisha sheria ya kumsaidia mzazi wa aina hiyo mwaka 1999. Leo majimbo yote 50 yanayo. Mzazi humkabidhi mtoto asiye na jeraha hospitalini, na katika majimbo mengi hata kwa wazimamoto, akaenda zake bila kushtakiwa.

Wapo wanaopinga. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu ya 2010 humpa kila mtoto haki ya jina na malezi ya wazazi, na aliyeachwa hivyo huenda asijue asili yake kamwe. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, wa kuitafuta asili yake ni mtoto aliye hai.

Kwa sasa ipo simu ya bure ya watoto, nambari 116, usiku na mchana. Mfundishe binti yako nambari hiyo, msomaji, na mwanao wa kiume pia.

Jioni, nikirudi kituoni, nilipita tena langoni pa hospitali. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wahenga walisema. Bunge nalo lina wazazi wengi. Nani kati yao atamjibu yule ajuza?