Siku za Tangi Kujaa

Mdogo wangu anaendesha bodaboda Mombo, pale ambapo mabasi ya barabara ya Arusha hushusha abiria wanaopanda Lushoto. Pikipiki ni ya mkataba: kila siku ya kazi anapeleka kwa bosi hesabu ya shilingi 8,000, siku 26 kwa mwezi, kwa miezi 14. Akimaliza anakabidhiwa kadi na pikipiki inakuwa yake. Akikwama njiani, pikipiki inarudi kwa mwenyewe na alichokwisha kulipa hakirudi. Mikataba mingi ya namna hii iko mdomoni tu. Wa kwake uko kwenye karatasi kwa sababu mimi nimesomea uhasibu, na daftari la malipo nalitunza mwenyewe.

Mwisho wa Julai 2024 alikuwa anafunga mwezi wa tisa. Hiyo ni shilingi 1,872,000. Hesabu hiyo naijua bila kufungua daftari, kwa sababu ndiyo fedha iliyokuwa karibu kupotea.

Pikipiki ilikuwa inazima. Asubuhi inawaka kwa kiki moja, inabeba watu mjini kutwa nzima bila neno. Ikipata safari ya mlimani inakwenda vizuri kilomita kadhaa, halafu inaanza kukohoa, inapoteza nguvu, inazima. Dogo anasimama pembeni, anakaa dakika kumi hivi, anapiga kiki, inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Mbele kidogo inazima tena.

Fundi wa kijiweni alisema plagi. Akabadilisha plagi. Akasema koili. Akabadilisha koili. Akasema basi ni kabureta, imekufa, hazisafishiki hizi. Plagi shilingi 5,000, koili 18,000, kabureta 55,000, ufundi 15,000. Jumla 93,000, karibu hesabu ya siku 12. Baada ya kila kifaa kipya walizunguka na pikipiki stendi, ikaenda vizuri, wakapeana mikono. Baada ya siku mbili tatu, mlimani, ilizima tena.

Bosi naye aliijaribu. Alikuja jioni moja, akapanda, akazunguka mpaka barabara kuu na kurudi, akashuka. "Pikipiki nzima," alisema mbele ya madereva wote. "Dereva ndiye mgonjwa." Akampa mpaka mwisho wa mwezi.

Sikumlaumu kwa kusema hivyo. Mtu yeyote angeijaribu pikipiki ile kwa dakika tano angesema ni nzima. Na bosi ameshasikia hadithi nyingi: pancha ambayo haikuwepo, mgonjwa ambaye hakulazwa. Wanaomiliki pikipiki za mkataba huishi kwa kushuku, kama wenye nyumba wanavyoishi na wapangaji.

Usiku ule nilifungua daftari. Nilitaka tu kujua deni limefika wapi, lakini macho ya mhasibu huwa hayatulii kwenye jumla. Juni na Julai zilikuwa na siku 11 ambazo hesabu haikutimia. Dogo huwa ananitumia ujumbe kila jioni: amepata kiasi gani, ameweka mafuta kiasi gani, ameenda wapi. Siku za kawaida ujumbe unasomeka: lita 1, baadaye lita 1, jioni nusu. Bodaboda wengi hununua mafuta hivyo. Lita moja ilikuwa inapita shilingi 3,000, na hakuna anayeanza siku akiwa na fedha ya kujaza. Lakini katika zile siku 11, siku 9 zilikuwa na maneno tofauti: "Kajaza tangi mteja. Lukozi." "Mlalo, tangi kajaza dalali."

Hizo ndizo siku bora za bodaboda wa Mombo. Mnunuzi wa mboga anakukodi kutwa, anajaza tangi kwa fedha yake, mnapanda kuzunguka mashamba ya kabichi na karoti, jioni unarudi na fedha ya siku tatu. Kwa mdogo wangu ndizo siku zilizokuwa zinamwacha mikono mitupu, kwa sababu pikipiki ilizima kabla ya Soni, mteja akapanda nyingine, akadai na fedha ya mafuta.

Kwa hiyo alikuwa na pikipiki inayofanya kazi siku za shida na kugoma siku za neema. Nilipomwambia alicheka kicheko kifupi. "Dada, hata mimi nimeliona hilo. Nikimwambia mtu ataniona nimerogwa."

Mimi ninaishi Soni, na karibu na sokoni kuna fundi wa makamo anayetengeneza pikipiki, jenereta na pampu za kumwagilia. Jumamosi moja dogo alifika hapo akiwa na tangi lililojaa, baada ya kuzimiwa mara tatu njiani. Nikashuka.

Fundi alikuwa ananawa mikono kwa petroli. Hakushika spana. Aliuliza: "Ikizima, huwa unafanya nini mpaka iwake?"

"Sifanyi kitu, fundi. Nakaa tu."

"Hufungui chochote?"

"Siku nyingine nafungua tangi, nichungulie kama mafuta yapo."

"Siku ukifungua, inawaka mapema kuliko ukikaa tu?"

Dogo alifikiri. "Inawaka hapo hapo."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akaanza kazi, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu nikiuliza uliza, akawa ananieleza. Pikipiki inayozima ina njaa ya kimoja kati ya viwili, moto au mafuta, na kazi ya kwanza ni kujua ni njaa gani. Akamwambia dogo apande kilima cha jirani mpaka izime, aifunge swichi hapo hapo, aishushe kwa kuiachia iteremke. Akafungua plagi. Ilikuwa kavu, bila unyevu wa petroli. Akaichomeka kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na tangi, akapiga kiki. Cheche ya buluu ikaruka. "Moto upo," akasema. "Chakula hakuna."

Kisha akalegeza skrubu ndogo chini ya kikombe cha kabureta, pale petroli inapokaa kusubiri kunyonywa na injini. Yakatoka matone machache tu. Kama kikombe kingekuwa kimejaa, alisema, angetafuta tatizo ndani ya kabureta. Jeti ndogo ikiziba, pikipiki inasumbua ikiwa imetulia. Jeti kubwa ikiziba, inatulia vizuri lakini inakufa ukifungua resi. Kikombe kitupu maana yake tatizo liko juu zaidi: sindano ya boya, mpira wa mafuta, koki, chujio, au tangi lenyewe. Njia ni moja, inashuka kutoka juu, na anayetafuta anapaswa kuipanda hatua moja moja. Fundi wa Mombo alikuwa amebadilisha kituo cha mwisho cha njia bila kuuliza kama mzigo unafika.

Akachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, akauelekeza ndani ya chupa tupu ya maji, akamfukuza kijana aliyekuwa anavuta sigara, akafungua koki. Petroli ilishuka kwa mkondo mnene kwa muda mfupi. Halafu ikawa nyembamba. Halafu uzi. Halafu matone, na chupa haijafika hata robo. Tangi limejaa mpaka shingoni na petroli haishuki.

"Sasa fungua mfuniko," akamwambia dogo.

Dogo akazungusha ufunguo. Tangi likavuta pumzi. Tulisikia wote, mlio mfupi wa hewa kuingia. Petroli ikaruka ndani ya chupa kwa nguvu kiasi kwamba fundi alilazimika kufunga koki haraka.

Pikipiki za aina ile hazina pampu ya mafuta. Petroli inashuka kwa uzito wake, kama maji ya simtanki, na inaposhuka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana mfuniko wa tangi una tundu dogo la kupumulia. Tundu likiziba, hewa iliyobaki ndani inazidi kuwa nyepesi kadiri petroli inavyotoka, mpaka inaishika petroli isishuke. Ukikaa dakika kumi, hewa kidogo inapenya kwenye nyufa za mfuniko, injini inawaka, unaamini imepoa au imesamehe. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo sana ya hewa, pengine glasi moja au mbili, kwa hiyo petroli kidogo tu ikitoka inakwama. Tangi lenye lita moja lina hewa nyingi, linavumilia zaidi. Na anayenunua lita moja moja anafungua mfuniko kila baada ya safari chache. Bila kujua, umaskini wake ulikuwa unalipa tangi pumzi.

Fundi akageuza mfuniko. Ndani yake kulikuwa na mpira mweusi wa duara, umekatwa kwenye tyubu ya baiskeli, umebanwa vizuri kabisa. Mpira wa aina hiyo ukilowa petroli huvimba, na huu ulikuwa umevimba mpaka kuziba kila kitu. "Huu umewekwa lini?" aliuliza. "Na nani?"

Dogo aliniangalia kabla ya kujibu. Masika, alisema. Aprili. Mvua za mwaka huo zilikuwa nyingi mno na maji yalikuwa yanapenya kwenye tangi. Bosi alikuja Jumapili moja na tyubu na mkasi, akakata mpira yeye mwenyewe, akauweka.

Na ulikuwa uamuzi wenye akili. Maji yakiingia kwenye petroli hutulia chini, pale pale koki inapochotea, na yanazima pikipiki vilevile. Bosi aliziba mlango wa maji. Ulikuwa pia mlango wa hewa.

Fundi aliondoa mpira, akazibua tundu kwa unyuzi mmoja wa waya wa klachi, akachukua shilingi 3,000. Dogo akapanda mpaka Lushoto na tangi lililojaa, akarudi bila kuzima.

Jumatatu tulikwenda kwa bosi. Tuliamkia, tukakaribishwa kiti, nikaweka mezani daftari na ule mpira nikiwa nimeufunga kwenye gazeti. Nilimwonyesha tarehe kwanza. Sikutaja nani aliuweka. Hakukuwa na haja. Aliushika, akaukunja kwa vidole, akaunusa.

"Mvua ilikuwa inaingia," alisema.

"Ni kweli, bosi," mdogo wangu alijibu.

Akakaa kimya. Mwishowe alisema zile siku 11 ziongezwe mwishoni mwa mkataba, na kazi iendelee. Kuhusu fedha ya kabureta hakusema kitu, na sisi hatukuuliza. Januari 2025 dogo alikabidhiwa kadi.

Wiki ile ile ya Julai, bosi alionekana kijiweni akiwa na bisibisi. Alikuwa na pikipiki nyingine tatu za mkataba. Alizifungua mifuniko moja baada ya nyingine, akachomoa kitu, akatia mfukoni, akaondoka bila kueleza. Madereva wake walimsimulia dogo wakicheka.

Moja ya pikipiki hizo tatu ilikuwa na dereva mpya. Wa zamani alinyang'anywa Juni, baada ya miezi 6 ya kupeleka hesabu, kwa uvivu. Alikuwa akisema inazima mlimani. Siku hizi anapakua kabichi kwenye malori pale Mombo, na mdogo wangu, kila anapopita hapo, humpa lifti ya kurudi nyumbani bila kumdai.