Siku Moja Mwanza: Deni la Miaka Ishirini na Tisa

Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa yangu, kila nilipotoka Geita kwenda kwetu Shinyanga kumjulia hali mama, nilipita njia ya Kahama. Majirani walinishangaa. Waliniambia kuwa ningevuka kwa kivuko cha Busisi na kupitia Usagara ningekula lami na kupumzika, lakini mimi nilichagua vumbi la Kakola, masika kwa kiangazi, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Mume wangu alijua sababu, na kwa ihsani yake hakuwahi kunihoji mbele ya watu.

Sababu yenyewe ni hii. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyabiashara mdogo wa mchele mjini Shinyanga. Mwezi Mei 1996 alipeleka mzigo Bukoba, na usiku wa tarehe 20 akapanda MV Bukoba kurejea nyumbani. Asubuhi ya Jumanne, Mei 21, meli ile ikiwa imeikaribia Mwanza, ilipinduka. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua abiria 430, na waliokuwamo walizidi sana idadi hiyo. Taifa liliomboleza siku tatu. Miili mingi ilipatikana, miili mingi haikutambulika, na mingine haikuonekana kabisa. Baba hakutambuliwa na yeyote. Mimi nilikuwa na umri wa miaka sita. Tangu siku hiyo mama alituharamishia ziwa, nami nikaukulia uharamu huo hadi ukawa sehemu ya mwili wangu.

Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la John Pombe Magufuli, linalounganisha Kigongo, wilayani Misungwi, na Busisi, wilayani Sengerema. Usiku ule mume wangu alirudi kutoka machimboni, akaoga, akala, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama watoto, sasa hakuna maji ya kuvuka. Nipe siku moja nikutembeze Mwanza."

Ndugu msomaji, wake wa wachimbaji wataelewa uzito wa maneno hayo. Mwanamume anayeshinda kwenye maduara na karasha hana siku ya kupoteza. Leo mwamba unaonyesha, kesho umekauka, na mwenye zamu asiyekuwapo hana mgawo. Mume wangu alikuwa ananipa kitu adimu kuliko dhahabu. Wengi wetu hudhani haki ya mke huishia kwenye unga, mafuta na ada ya shule, ilhali Mtume wetu (s.a.w) alipata wasaa wa kushindana mbio na Bibi Aisha (r.a) wakiwa safarini. Nilikubali. Tuliwaacha watoto kwa bibi yao mzaa baba, na Jumamosi moja, baada ya sala ya alfajiri, tukapanda basi dogo.

Tulipita Sengerema jua likichomoza. Tulipoanza kuteremkia Busisi nilishika mkono wa mume wangu. Daraja lina urefu wa takribani kilomita 3, na pale ambapo zamani msafiri alisubiri kivuko kwa muda mrefu, wagonjwa na wajawazito wakiwa kwenye foleni, sisi tulipita kwa dakika chache tu. Siwezi kuusimulia uzuri wake wa asubuhi ile, kwa kuwa nilifumba macho kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho.

Kituo cha mabasi cha Nyegezi tulifika saa mbili na nusu. Mume wangu alikuwa amekwisha kupanga ratiba. "Deni kwanza, matembezi baadaye," alisema. Tukapanda daladala kwenda Igoma.

Igoma ndiko walikozikwa wengi wa wale ambao hawakutambuliwa na jamaa zao. Nilikuwa nimemuuliza ustadhi wetu mapema kuhusu mwanamke kuzuru makaburi. Alinieleza kuwa wanazuoni wamehitilafiana, na kwamba anayekwenda aende kwa stara, atoe salamu, aombe dua, akumbuke akhera, wala asiomboleze kwa sauti. Nilijitahidi. Makaburi yamepangwa kwa safu, na nilisimama mbele yake nisijue nielekee lipi. Hilo ndilo lililonitisha miaka yote: kufika na kukosa pa kusimama.

Mume wangu akaniambia, "Wasalimie wote. Kama yumo, imemfika. Kama hayumo, Mola anajua alipo." Akainua mikono, akaomba dua ndefu kwa ajili ya baba mkwe ambaye hakupata kumwona. Nilikumbuka mafundisho kwamba Muislamu aliyekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Nililijua hilo tangu madrasa, lakini siku hiyo nililisikia kana kwamba naambiwa kwa mara ya kwanza.

Tulirejea mjini kimya, kimya kisicho kizito. Mwanza ni jiji lililojengwa baina ya mawe na maji. Nyumba zimepanda vilima hadi juu, zikiwa zimeegemea miamba mikubwa kuliko zenyewe, na anayetoka tambarare za Shinyanga, kwenye mashamba ya pamba na mbuga zisizo na mwisho, hujiuliza watu hawa hulalaje usingizi wakiwa na mawe vichwani. Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892, na reli ilipofika mwaka 1928 pamba ya Usukumani ikapata njia ya kwenda pwani. Tangu hapo mji huu umekuwa mlango wa kanda nzima, pamoja na sisi wa dhahabu.

Tulipita mwalo wa Kirumba, soko ambalo harufu yake hukupokea kabla ya macho. Dagaa wamelundikwa magunia kwa magunia, wakisubiri malori ya kwenda mbali. Wanawake hupepeta, huchambua na kupanga bei bila kuinua kichwa. Nilinunua wa kutosha miezi miwili, na mume wangu akaubeba mfuko bila kulalamika, jambo ambalo nalo niliandika moyoni.

Adhuhuri tuliingia msikiti mmoja wa katikati ya mji. Kwa kuwa tulikuwa wasafiri, tulisali Adhuhuri rakaa mbili na Alasiri rakaa mbili, tukazikusanya. Kisha tukala sato wa kukaanga na ugali kwa mama ntilie karibu na ufuo. Sikumbuki mara ya mwisho kula na mume wangu bila mtoto kulia au simu ya machimboni kuita. Alikuwa ameizima simu. Alinieleza habari za duara lao, hofu zake za kifusi, na nia yake ya kuacha kushughulika na zebaki kwa mikono mitupu. Kumbe naye alikuwa na maji yake anayoyaogopa, nami sikuwahi kumuuliza.

Karibu na kivuko cha Kamanga tulilitazama lile jiwe maarufu linaloitwa Bismarck, kwa jina la kansela wa Ujerumani. Limekaa juu ya mawenzake ndani ya maji kana kwamba litaanguka dakika ijayo. Bandarini nako shughuli ziliendelea. Hapo ndipo MV Victoria ilirejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, ikiwafungulia tena watu wa Bukoba na Kemondo njia yao. Niliwatazama abiria waliobeba mizigo yao na kumwona baba katika kila mgongo.

Mwisho tulifika Capri Point, mahali pa kupandia boti kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane. Kisiwa hicho kimechukua jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi hapo kabla Serikali hawajakifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Kilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na ni miongoni mwa hifadhi ndogo kabisa nchini. Mume wangu alisema, "Tunaweza kukitazama tukiwa hapa hapa. Safari imetosha."

Nilimwomba mhudumu jaketi la kuokolea. Nilivuta kila mkanda mara mbili, nikasoma dua ya safari, nikapanda. Boti ilipoondoka nilitetemeka hadi meno yakagongana, wala sitadai kwamba hofu ilitoweka. Safari ni ya dakika chache. Kisiwani tuliwaona pimbi wakiota jua juu ya miamba, tumbili na swala. Kutoka juu ya mawe tuliliona jiji lote upande mmoja na ghuba upande wa pili, buluu hadi macho yanapokoma. Ni ziwa lilelile. Nililitazama kwa muda mrefu, macho wazi.

Jioni tulivuka tena daraja, taa zake zikiwa zimewaka. Safari hii niliziona nguzo zote.

Tulipofika nyumbani nilimpigia mama simu Shinyanga, nikamwambia nimefika Igoma na nimepanda boti. Alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Maji yalikuwaje?"

Nikamjibu, "Yalikuwa yametulia, mama."

"Alhamdulillah," alisema. Baada ya kitambo akaongeza, "Mwambie mkwe wangu, mkienda tena, mnipitie."