Simu Ilipoita

Sisi wake wa madereva wa malori ya saruji hapa Pongwe, Tanga, tunaujua usiku wa kusubiri. Waume zetu hupita Muheza, Segera, Korogwe na Mombo hadi Moshi na Arusha, na njiani husikiliza kantri.

Mmoja wao alitufafanulia wimbo "Roll On" wa kundi la Alabama la Marekani, wa mwaka 1984. Dereva anapotea kwenye theluji, watafutaji wanakata tamaa, mkewe na watoto wanasubiri. Kisha simu inaita, na ni yeye. Tulishangilia kana kwamba ni wa kwetu.

Masika moja lori moja halikufika. Tulikesha tukiomba nyumbani kwa mwenzetu. Alfajiri simu iliita. Alikuwa utingo, analia.

Tulimuuliza Mungu mbona kwetu haikuwa hivyo. Hatukupata jibu. Mjane ndiye aliyetuomba tusome Zaburi ya 34. Tulisoma, tukalia, tukabaki naye.

Leo gari likiwashwa bado tunaombea safari. Na wimbo ule ukipigwa, mwenzetu haondoki. Hukaa nasi mpaka uishe.