Mabao Mawili

Msomaji wangu, nakuomba unisikilize nikiungama kosa. Mwalimu si malaika. Naye hukosea kama watu wengine, ila makosa yake huwa na mashahidi wengi.

Mimi hufundisha katika shule ya upili upande wa Homa Bay. Katika chuo cha ualimu nilifunzwa namna ya kusahihisha madaftari, lakini sikujifunza namna ya kumpokea mtoto aliyeshindwa. Muhula mmoja niliwapeleka wasichana wetu Migori kwa mashindano ya netiboli. Walicheza juani tangu asubuhi, wakashindwa kwa mabao mawili tu. Tulipopanda gari kurudi, niliwaambia kwa hasira kwamba nauli yetu imepotea bure. Hakuna aliyejibu. Tulipita Rongo kimya, kama watu watokao mazikoni. Tulipokuwa tukishuka, nahodha wao aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, kama mabao yale mawili yangalikuwa yetu, nauli isingalipotea?"

Sikuwa na jibu. Nililipata baadaye katika habari za Angella Okutoyi, nami nakugawia.

Binti huyu wa Kenya alizaliwa mwaka 2004. Mama yake alifariki katika uzazi wake yeye na pacha wake, nao wakalelewa na nyanya yao Nairobi, katika maisha ya uhaba. Tenisi ni mchezo wa gharama. Raketi, mipira na safari hudai fedha ambazo wengi hawana. Hata hivyo alishika raketi tangu utotoni. Januari 2022, huko Australia, alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo katika mashindano ya vijana ya yale makuu manne ya dunia.

Julai mwaka huohuo alifika fainali ya wasichana wawili wawili Wimbledon, Uingereza, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walikabiliana na Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Seti ya kwanza walishindwa 3–6; ya pili walishinda 6–4. Ikabaki duru ya mwisho, ambayo mshindi hana budi kufikisha pointi kumi na kumpita mwenzake kwa mbili. Walishinda 11–9. Machi 2024 Okutoyi alitwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika, Accra.

Sasa, msomaji, niulize habari za walioshindwa. Mboko, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, aliondoka Wimbledon bila taji, kwa tofauti ya pointi mbili. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, alimshinda Naomi Osaka katika fainali huko Montreal, akawa bingwa wa mashindano makubwa ya nchi yake. Je, nauli yake ya Wimbledon ilipotea?

Usidhani nasema kila ashindwaye atavikwa taji kesho. Wengi hawatalivaa kamwe, na wengine watashinda mara moja tu. Nasema kwamba pointi mbili zaweza kuamua kikombe, lakini haziwezi kupima kazi yote iliyotangulia. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na siku ile gari lilipotoka Migori, asiyekubali kushindwa nilikuwa mimi.

Baada ya safari ile, wasichana wawili waliacha mchezo. Niliwaomba radhi mbele ya wenzao wote. Mmoja alirudi uwanjani. Mwenzake hajarudi hata leo, nami hunipata haya kila nimwonapo amekaa chini ya mti wenziwe wakicheza.

Kwa hiyo, ewe mwanafunzi, utakapokuwa mzazi, mwalimu au nahodha, na walio chini yako wakirudi mikono mitupu, chunga ulimi wako njiani. Bao lililopotea laweza kulipwa muhula ujao; moyo uliovunjika haujui muhula.