Zawadi Inayokwisha

Katika desturi zetu zawadi njema ni ile inayodumu. Bibi arusi hupewa sufuria nzito ili hata wajukuu wake waje kuipikia. Mzee hupewa kiti cha mbao ngumu ili, siku atakapokuwa ametutoka, jamaa wakioneshe na kusema kwamba kilitoka kwa fulani. Zawadi ya namna hiyo hulinda jina la mtoaji. Ndiyo sababu tunapochanga feza katika ukoo, maswali ya kwanza huwa mawili: je, kitu hiki kitaonekana na watu? Na kitakaa miaka mingapi? Mwaka jana tulilazimika kuyapima upya maswali hayo, na aliyetufundisha ni mchezo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuucheza.

Baba mkubwa wetu alikuwa akitimiza miaka 75. Sisi tunaoandika ni watoto wa wadogo zake, watu kumi na mmoja, tuliotawanyika kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Katika miaka ya 1990, kazi za migodi zilipodhoofika na mishahara ya baba zetu ikawa haba au ikakosekana kabisa, yeye ndiye aliyetulipia masomo. Hakuwa tajiri, alikuwa mtunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi. Kila mwaka, mwezi wa tisa ulipofika, alituita mmoja mmoja, akauliza habari za matokeo ya mwaka uliopita, akatukabidhi bahasha, basi. Mtu huyu aliyeandika hesabu za wengine maisha yake yote hakuwa na kitabu cha madeni yetu.

Siku hizi amestaafu, na kila Jumamosi asubuhi anacheza gofu. Katika Lubumbashi gofu si jambo geni. Uwanja wake ni wa siku nyingi, na mtaa mzima umepata jina kutoka kwake: mtu akikuambia anakaa Golf, humwulizi zaidi. Lakini wengi wetu tunaujua uwanja huo kwa kupita kando yake tu. Baba mkubwa aliingizwa mchezoni na mteja mmoja wa duka lile, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 50, na tangu hapo haujamtoka.

Tulipokutana kushauriana, Yaya, mkubwa wetu, alipendekeza tumnunulie seti nzima ya fimbo mpya pamoja na mfuko wake. Seti ya namna hiyo hugharimu mamia ya dola, naye alikuwa amekwisha kuigawanya hesabu kati ya watu kumi na mmoja. "Tulipokea mengi kwake," alisema. "Tumrudishie kitu ambacho kila mtu atakiona." Hoja ile ilikuwa na uzito, na wengi tuliitika. Ndipo mdogo wetu mmoja, muuguzi, akauliza kwa upole: "Yaya, fimbo anazotumia sasa zina kasoro gani?" Hakuna aliyejua. Tukakubaliana kwamba kabla ya kutoa feza, tujifunze kwanza.

Tulifahamu kwamba fimbo ya gofu ni kama jembe la mkulima: hufuata mwili wa mwenyewe. Urefu wake hutegemea kimo na mikono ya mchezaji. Ugumu wa mpini wake hutegemea kasi ya pigo lake, na mzee anayepiga polepole huhitaji mpini unaopinda kwa urahisi kuliko ule wa kijana. Kuna fimbo za mkono wa kuume na za mkono wa kushoto. Anayezinunua bila kumpima mchezaji ni kama anayemshonea mwenzake suti kwa kukisia.

Tena, mfuko wa mchezaji una mpaka. Sheria za gofu haziruhusu fimbo zaidi ya 14. Mpaka huo uliwekwa Marekani mwaka 1938, na wakuu wa mchezo huko St Andrews, Uskoti, wakaufuata mwaka 1939, kwa sababu wachezaji wengine walikuwa wamefikia kubeba ishirini na zaidi. Mwenye kubeba ya kumi na tano huadhibiwa. Kwa hiyo anayemletea mchezaji fimbo mpya humwambia, hata bila kutaka, aitoe moja ya zamani; na anayemletea seti nzima humwambia aziache zote. Baba mkubwa amezitumia zake zaidi ya miaka ishirini. Anajua ni ipi inayomtii na ni ipi inayomsumbua. Seti mpya ingemfanya mgeni katika mchezo wake mwenyewe.

Wadogo zetu walitafuta msaada katika intaneti. Kule maduka ni mengi, na kila moja linataka kuvuta wageni. Kwa hiyo limetayarisha orodha ya zawadi kwa wachezaji wa gofu. Tulisoma orodha nyingi. Zilikuwa na vikombe vyenye umbo la mpira, tai zilizochorwa fimbo, soksi na saa za ukutani. Hatusemi kwamba vitu hivyo ni vibaya. Lakini orodha iliyoandikwa ili kumvuta kila mtu haiwezi kumjua mtu mmoja. Ilijua kwamba mzee anacheza gofu. Haikujua kwamba hanywi kahawa, wala hajavaa tai tangu alipostaafu.

Aliyemjua alikuwa kijana anayembebea mfuko kila Jumamosi. Wawili kati yetu walikwenda kumsalimu na kumwuliza. Alijibu bila kusita, kama mtu anayesoma daftari. Alitaja aina ya mpira ambayo mzee huipenda. Glavu, alisema, mzee huivaa mkono wa kushoto tu, kwa kuwa anapiga kwa kuume. Nayo imetoboka kwenye kiganja, na mzee ameishona mara mbili. Vile vijiti vidogo vya mbao ambavyo mpira huwekwa juu yake kabla ya pigo la kwanza, mzee huviokota vilivyovunjwa na wengine, akavitumia ikiwa bado vina urefu wa kutosha.

Kisha akatueleza jambo lililotunyamazisha. Mzee hutembea na mipira ya namna mbili. Ile mipya huipiga mahali palipo wazi, penye majani mafupi. Lakini akifika kwenye shimo lenye maji mbele yake, huurudisha mpira mpya mfukoni, akatoa mmoja wa zamani uliokwaruzika, akaupiga huo. "Mpya anauogopea maji," kijana alisema.

Wachezaji wengi hufanya hivyo, na si aibu. Lakini sisi tulisikia habari nyingine ndani yake. Mtu aliyetoa bahasha kumi na moja kila mwezi wa tisa, bila kuuliza zitarudi lini, anauhurumia mpira mmoja usizame.

Tuutazame kidogo mpira wenyewe. Uzito wake hauruhusiwi kupita gramu 45.93, na upana wake hauruhusiwi kupungua milimita 42.67, shimo unalolitafuta lina upana wa milimita 108. Kitu kidogo namna hiyo, kikirushwa mbali, hupotea kwa urahisi, na sheria yenyewe imelikubali jambo hilo. Tangu mwaka 2019 mchezaji ana dakika 3 tu za kuutafuta. Zamani zilikuwa 5. Zikipita, mpira huhesabiwa kuwa umepotea, naye huongezewa pigo moja la adhabu na kuchukua mwingine. Hata mwanaanga Alan Shepard, aliyepiga mipira miwili juu ya mwezi mnamo Februari 1971, aliiacha kulekule. Alichorudi nacho ni kichwa cha fimbo, na baadaye akakitoa kuwa zawadi kwa makumbusho ya chama cha gofu cha Marekani.

Kile kijiti cha mbao nacho kina historia yake. Mwaka 1899 daktari wa meno wa Boston, George Franklin Grant, alipata hati ya uvumbuzi kwa kijiti cha namna hiyo. Alikuwa Mmarekani mweusi, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, na mtu mweusi wa kwanza kuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Siku zile wachezaji walifinyanga kichuguu cha mchanga wenye maji, wakaweka mpira juu yake. Grant alitengenezesha vijiti vyake, lakini hakuvifanyia biashara. Aliwagawia rafiki zake na watu aliocheza nao. Alifariki mwaka 1910, na wengine ndio waliokuja kuviuza vijiti kwa wingi. Vile alivyogawa yeye bila shaka vilivunjika zamani, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya kijiti.

Tulipokutana mara ya pili, mashauri yalikuwa makali. Sisi wadogo tulipendekeza mipira 36 ya aina ile aliyoitaja kijana, glavu mbili za mkono wa kushoto na mfuko wa vijiti. Tena tulitaka tufanye hivyo kila mwaka. Yaya hakuridhika. "Mipira! Itakwisha kabla ya mvua kukatika. Watu watatuuliza tulimpa nini Baba mkubwa, nasi tutaonyesha nini?"

Mwenzetu wa Likasi ndiye aliyemjibu. "Yaya, zile bahasha, tunaweza kuzionyesha? Zote ziliishia kwa karani wa shule. Na sisi tuko hapa."

Yaya alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo halikuwa jepesi kwake: kwamba alizitaka fimbo zile kwa sababu alitamani, kabla mzee hajafa, aache kujiona mdaiwa.

Tunadhani wasomaji wengi watalitambua neno hilo. Zawadi kubwa yenye kuonekana mara nyingi ni malipo yaliyovaa nguo ya zawadi. Tunataka tulingane na yule aliyetusaidia, ili tukutane naye bila kuinamisha macho. Lakini Baba mkubwa hakutukopesha. Tukijaribu kumlipa, tunayageuza matendo yake kuwa mkopo, na yeye kuwa mdai, hali hakuwahi kudai.

Zawadi inayokwisha haiwezi kufunga hesabu. Mwaka ukizunguka, inataka kurudiwa. Na anayeirudia hana budi kuuliza tena: mkono wako u hali gani? Bado unatembea mashimo yote? Macho bado yanaufuata mpira? Kwa njia hiyo tunamjua mzee jinsi alivyo mwaka huu, si jinsi alivyokuwa tulipokuwa wanafunzi. Hatuvunji kwa hayo desturi ya sufuria na kiti. Anayeanzisha nyumba anahitaji vitu vya kudumu. Lakini mtu wa miaka 75, mwenye nyumba iliyokwisha kujaa na mfuko uliokwisha kutimia fimbo 14, anahitaji ruhusa ya kutumia bila kuhofu.

Tulimkabidhi Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, mvua zikiwa karibu. Alifungua polepole, akavaa glavu moja, akakunja na kukunjua vidole. Kisha akaihesabu mipira, kama ilivyo kawaida yake kuhesabu kila kitu, akaikuta 36 kamili. "Nani aliwaambia aina hii?" aliuliza. Tukamtaja kijana. Mzee akacheka. "Basi mwaka huu maji yatakula vizuri."

Sehemu ya feza iliyobaki ilimnunulia kijana yule viatu vya mvua, maana yeye hutembea mashimo yaleyale akiwa na mzigo begani. Nyingine tuliiweka kwa muuguzi wetu, iwe mwanzo wa mchango unaofuata. Jumamosi ya kwanza kijana alitutumia ujumbe mfupi: "Mipya miwili imezama. Mzee ana furaha." Yaya ndiye aliyetusomea, mara mbili.

Ndugu msomaji, pengine katika jamaa yako hakuna mchezaji wa gofu. Labda yuko mvuvi, au mshonaji, au mama anayeimba. Kabla ya kuchanga, tunakuomba ujiulize maswali matatu. Ni nani anayembebea mfuko, yaani anayemwona akiwa katika kazi anayoipenda, na je, umekwenda kumwuliza? Ni kitu gani anachokihurumia, ambacho angependa kukitumia bila woga? Na je, unampa, au unamlipa?

Sisi tumekwisha kuanza kuchanga kwa ajili ya mwaka huu. Kijana anatuambia mzee amebakiwa na mipira tisa.