Mashine Inasema Mimi Si Mimi

Kazi iliingia saa tatu usiku nikiwa nimesimama juu ya tuta la mfereji, kwa sababu hapo ndipo mtandao hushika vizuri kwetu Chewele. Maneno 1,500 kwa Kiingereza, kwa duka la vipodozi la ng'ambo, kuhusu jinsi peptidi na viambato saidizi vinavyosaidia ngozi inayozeeka. Dola 18. Mwisho Ijumaa. Nilijibu "sawa" kabla sijajua peptidi ni mdudu gani, maana kazi hizi ndivyo zilivyo: unakubali kwanza, kujifunza baadaye. Tangu karo initoe chuoni mwaka wa pili nimekuwa mtaalamu wa vitanda vya mbwa, bima ya boti na meno ya bandia. Sasa ngozi.

Asubuhi yake nilimpeleka shosho kwa wakala kuchukua pesa za wazee.

Mimi nina jina la babu, kwa hiyo kwa desturi yetu Wakikuyu shosho huniita mume wake. Akitaka maji anasema, "Mume wangu, hujaona mtungi ni mtupu?" Watu wa pale wamezoea, wanacheka. Siku hiyo alivaa leso mpya na viatu vya kanisani. Tulipanga foleni saa moja na nusu. Ilipofika zamu yake, kijana wa wakala akamwambia aweke kidole gumba kwenye kioo kidogo cha mashine. Akaweka. Taa nyekundu. Akafuta kioo na shati, akamwambia abonyeze zaidi. Nyekundu. Kidole cha shahada, nyekundu. Mkono wa kushoto, nyekundu. Watu nyuma yetu wakaanza kuguna. Kijana hakuwa na ubaya, lazima niseme hivyo. Alijaribu kama mara kumi na tano, kisha akamrudishia kitambulisho kwa mikono miwili na kumwambia arudi siku nyingine.

Shosho alitoka nje, akasimama chini ya mti wa mathenge, akatazama vidole vyake kwa muda.

"Ati mashine inasema mimi si mimi," akaniambia.

Njiani hakusema neno lingine. Na shosho si mtu wa kunyamaza.

Usiku nilirudi kwenye tuta la mfereji na simu yangu, nikasoma kuhusu peptidi. Wacha nieleze nilichoelewa, maana ni kitu kizuri chenyewe, hata kama kinauzwa kwa mbwembwe. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi-amino; peptidi ni kipande kifupi cha mnyororo huo. Ngozi inashikiliwa na protini iitwayo kolajeni, kama vile nyumba ya udongo inavyoshikiliwa na fito ndani ya ukuta. Kadiri umri unavyosonga tunatengeneza kolajeni kidogo zaidi, na jua linaivunja iliyopo. Sasa, kolajeni ikivunjika, baadhi ya vipande vyake huziambia seli kwamba pamebomoka, jengeni. Mwaka 1973 Mmarekani Loren Pickart alipata katika damu ya binadamu kipeptidi cha asidi-amino tatu tu, chenye kupenda kushikana na shaba, ambacho hupungua mwilini mtu akizeeka. Mwaka 1993 watafiti wengine walionyesha kwamba kipande cha asidi-amino tano kutoka kwenye kolajeni huzifanya seli katika maabara zitengeneze kolajeni zaidi.

Maabara ni kitu kimoja, shavu la mtu ni kitu kingine. Tabaka la juu la ngozi kazi yake ni kuzuia vitu visiingie, na kanuni inayotajwa sana ni kwamba kitu chenye uzito wa molekuli unaozidi daltoni 500 hupita kwa shida. Kile kipeptidi cha tano kinazidi kidogo, tena kinapenda maji kuliko mafuta. Ndipo kikabandikwa asidi ya palmitiki, ileile iliyo nyingi kwenye mawese, ili kiteleze kwenye mafuta ya ngozi. Nilifurahia hapo. Kitu kinachouzwa kwenye chupa ya mililita 30 kwa dola 68 kimeshikilia mkia wa mawese ili kipite mlangoni.

Halafu nikafika kwenye jaribio ambalo kila makala ya aina hii hulitaja, la mwaka 2005. Wanawake 93, wiki 12, nusu ya uso wanapaka mafuta yenye peptidi, nusu nyingine mafuta yaleyale bila peptidi. Matokeo yalikuwa mazuri, mikunjo ilipungua kidogo. Nikasoma tena mstari unaoeleza wanawake wenyewe. Umri miaka 35 hadi 55. Wote wazungu. Sikukasirika, mtu hupima walio karibu naye. Lakini nilikuwa nimekaa digrii moja hivi kusini mwa ikweta, nyuma yangu amelala mwanamke wa miaka zaidi ya sabini ambaye maisha yake yote amekuwa juani, na nilikuwa naandika sentensi inayosema "imethibitishwa kwa ngozi inayozeeka". Ngozi ipi?

Shosho na babu walifika hapa miaka ya mwanzo ya 80. Skimu ya unyunyizaji ya Bura ilikuwa imejengwa kwa pesa za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, pampu zikivuta maji ya Mto Tana, na watu wasio na ardhi wakaletwa kutoka pembe nyingi za nchi kulima pamba mahali ambapo Waorma na Wawardei walikuwa wakilisha mifugo, na Wapokomo wakilima kingoni mwa mto. Vijiji vilipewa namba. Pamba ni zao linaloumiza vidole: tunda likikauka na kupasuka, ganda lake lina ncha kali, na unachuma kwa ncha za vidole siku nzima. Mwishoni mwa muongo huo pampu zikaanza kugoma na pamba ikafa. Shosho hakuondoka. Alipukuchua mahindi, akafyeka mathenge, akapika mandazi ya kuuza, akasugua sufuria kwa mchanga na jivu, akageuza makaa kwa mkono. Babu alikufa. Yeye akaendelea.

Cha ajabu ni kwamba uso wake haujazeeka hivyo. Ukiweka picha yake kando ya zile za "kabla" kwenye tovuti ya mteja wangu, za wanawake wa miaka hamsini, shosho anawashinda. Melanini imemkinga. Ngozi nyeusi huchelewa kupata makunyanzi. Inachopata mapema ni madoa na rangi isiyo sawa, na ndiyo maana wauzaji wa mikorogo yenye zebaki na haidrokwinoni hawakosi wateja sokoni. Nilimwomba anionyeshe upande wa ndani wa mkono wake, juu ya kiwiko, mahali ambapo jua halifiki. Pale ngozi ni laini kama ya msichana. Alinipiga kofi la begani. "Mume wangu amekumbuka leo?"

Lakini ncha za vidole! Nilizishika chini ya mwanga wa simu. Zilikuwa laini na zinang'aa, ngumu, kama kiti cha mbao kilichokaliwa na vizazi vitatu. Mistari haipo, au ipo kwa kuhisi tu. Nikaacha makala ya mteja, nikaanza kutafuta habari za viganja.

Nilichopata kilinipa moyo. Ramani ya alama za vidole huchorwa mtoto akiwa bado tumboni, na imehifadhiwa chini, mahali ngozi ya juu inapokutana na ya ndani. Juu pakisuguliwa, ramani iko palepale na mistari huweza kurudi, ukiacha kusugua. Tatizo la wazee ni kwamba mistari hulala na kuwa bapa, na ngozi hukauka. Kiganja hakina tezi za mafuta kama uso. Kinategemea jasho, na jasho hupungua na umri. Vioo vya mashine nyingi havipendi kidole kikavu. Kwa maneno mengine, shosho hakufutika. Alikuwa amekauka.

Peptidi? Hazina kazi pale. Ngozi ya ncha ya kidole ina tabaka gumu nene mara nyingi kuliko la shavu. Kile kipeptidi na mkia wake wa mawese kingekufa njiani. Lakini mwisho wa maelekezo ya mteja kulikuwa na orodha ya "viambato saidizi", wale wa kutajwa kwa sentensi mojamoja kisha unapita: glisirini, petroli jeli, yurea, keramidi, kinga ya jua. Glisirini huvuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi. Petroli jeli huyafungia yasitoke, na katika kazi hiyo bado ni vigumu kupata cha kuishinda, ingawa ilipewa hataza Marekani mwaka 1872. Yurea hulainisha tabaka gumu, tena ipo kwenye ngozi yetu kwa asili. Nilipomwambia shosho hilo la mwisho alicheka mpaka akakohoa. Hapa Bura yurea ni mbolea ya mahindi. "Unataka kuninyunyizia mbolea nimee vidole?" Ilibidi nimweleze kwamba ya dukani ya kujipaka ni tofauti na ya gunia, na kwamba asijaribu ya gunia, maana namjua.

Yurea ya kujipaka sikuipata hata hivyo. Nilipata chupa ya glisirini na kopo la Vaseline, kwa pesa ambayo haifiki bei ya kifuniko cha ile chupa ya dola 68. Kila jioni shosho aliweka mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nikamkausha kwa kugusagusa, glisirini ikiwa mikono bado ina unyevu, halafu Vaseline juu, halafu soksi zangu za chuoni mikononi mpaka asubuhi. Sufuria nikaosha mimi. Mahindi nikapukuchua mimi, na ndipo nilipoelewa kilichokula mistari yake: siku ya tatu kidole gumba changu chenyewe kilikuwa na lengelenge.

Jirani yetu, mama wa Kiwardei, alisikia habari akaleta kasili, ule unga wa majani ya mkunazi ambao wanawake wa huku mpaka Garissa hupaka usoni na kuoshea nywele. Ukiuchanganya na maji unatoa povu kama sabuni. Alikuwa na uhakika kwamba dawa yake inazidi ya kwangu. Shosho, mwanadiplomasia, akatumia kasili usoni asubuhi na Vaseline mikononi jioni, na wote wawili tukajiona washindi.

Makala niliituma Alhamisi usiku. Niliiandika nikiamini ni kazi yangu nzuri kuliko zote. Nilianza na kinga ya jua, nikataja utafiti wa Nambour huko Australia, uliochapishwa mwaka 2013: watu 903, miaka minne na nusu, na waliopaka kinga ya jua kila siku ngozi zao zilizeeka kwa asilimia 24 pungufu kuliko waliopaka wakijisikia. Nikaweka glisirini na petroli jeli katikati, nikasema kwamba hata mafuta matupu hufanya mikunjo ionekane michache, kwa hiyo peptidi zipimwe juu ya hapo. Peptidi nikazipa aya tatu za mwisho, kwa heshima, na wale wanawake 93 nikaeleza ni akina nani.

Mteja alijibu kwa adabu. Peptidi zije mwanzo. Petroli jeli itoke, hawauzi. Ule mstari kuhusu wazungu uondolewe, "haumsaidii msomaji".

Nilikaa na ile barua pepe kwenye tuta kama nusu saa, mbu wakinila. Dola 18 ni shilingi 2,300 hivi, zaidi kidogo ya pesa ya shosho ya mwezi mzima, ambayo wakati huo haikuwa imetoka. Niliibadilisha. Peptidi zikaja mwanzo, Vaseline ikatoka, wanawake 93 wakawa "washiriki". Nasema hivi kwa sababu mahali fulani mtandaoni kuna makala isiyo na jina langu, na ukiisoma utadhani aliyeiandika hajawahi kushika mkono wa mtu mzee.

Siku ya kumi na sita tulirudi kwa wakala. Njiani shosho alifungia mikono ndani ya leso kama aliyebeba mayai. Gumba la kulia, nyekundu. Shahada ya kulia, nyekundu. Nilihisi tumbo linanishuka. Kijana akasema tujaribu mkono wa kushoto, vile vidole visivyofanya kazi nyingi. Shahada, nyekundu. Cha kati, mashine ikafikiri, nyekundu. Cha pete: kijani.

Foleni nzima ilipiga kelele. Shosho hakuinua kidole. Alikiacha pale kwenye kioo, amekikazia macho, mpaka kijana akamwambia kwa upole, "Shosho, imeshakubali, unaweza kutoa."

Alinunua sukari, majani chai na kopo lingine la Vaseline. Nilimnunulia glavu za shambani, akazivaa kwa heshima yangu kwa muda wa dakika kumi, akasema anashika jembe kama mtu anayemshika mgeni. Jana nilimkuta nyuma ya jikoni, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto ameuficha ndani ya soksi.